Kitanda cha Bi Nana

Mkokoteni wa Zubeir Randu ulijulikana mtaa mzima wa Shela, Malindi, kwa gurudumu lake la kushoto, lililokuwa likilia mfano wa mtoto wa paka aliyefungiwa kabatini. Ukilisikia mtaani mwenu, ujue pana jambo: ama mtu kafa na warithi wanauza vyombo, ama mwanamke kaachwa na vyombo vyake vinarudi kwao. Kazi ya Zubeir ilikuwa kununua samani kuukuu, kuzikwangua, kuzipiga msasa na kuzipaka sandarusi, mpaka mwenyewe aliyeziuza akizikuta dukani aulize zimetoka Mombasa au wapi. Kazi ya halali kabisa, na mkono wake Mungu kaujalia. Lakini hebu kawaambie hayo watu wa Malindi. Wao wakilisikia gurudumu hufungua madirisha na kuulizana, nani kafa?

Alhamisi hiyo, baada ya sala ya adhuhuri, gurudumu lilikuwa likija taratibu katika kichochoro cha nyumba ya Bi Shekha. Mahfudha, bintiye, alikuwa uani akipepeta mchele. Alilisikia tangu lilipokuwa kule msikitini. Ungo ukamcheza mikononi, mchele ukamwagika, na kuku wakapata riziki yao. Mwanamke mzima wa miaka ishirini na saba, aliyekwisha kuolewa na kuachwa, anatetemeshwa na gurudumu? Naam, anatetemeshwa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na cha Mahfudha kilikuwa kimekomaa kifuani.

Juu ya mkokoteni ule palikuwa na kitanda cha marehemu bibi yake, Bi Nana, na kitanda hicho ndicho kilichobeba jibu la posa. Zubeir alikuwa ametuma wazee. Bi Shekha aliwapokea vizuri, akawapa kahawa na halua, na hakusema ndiyo wala la. Alisema tu kwamba huyo kijana, kabla ya kuomba binti, amtengenezee kwanza kitanda cha kizamani cha samadari cha mamake, kilicholala stoo miaka mingi, mchwa wamekula tendegu moja kati ya miguu yake minne na kamba zimeoza. Siku atakapokirudisha, Bi Shekha atautazama mkono wake, na jibu litatoka siku hiyohiyo. Mahfudha alikuwa na kaka, Seif, aliyefanya kazi bandarini Mombasa, na yeye ndiye walii wa kumwozesha. Lakini Seif tangu utotoni hana kauli ila ile aliyokwisha kuisema mamake. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu ya mkokoteni.

Utauliza, mwanamke wa ndani na fundi wa mkokoteni walijuana vipi? Walijuana siku mbaya kuliko zote alizowahi kuziona Mahfudha. Mumewe alimpa talaka asubuhi, na kufikia alasiri mawifi walikuwa wamekwisha kuvitoa vyombo vyake barazani. Vyombo vya mwanamke ni vyake, huja navyo na huondoka navyo, hiyo ni haki. Lakini kuna kutoa na kutoa. Walivipanga hadharani kama wanaonadi: makochi, kabati, godoro lenye alama zake zote, na kile kitanda cha kisasa chenye kioo kikubwa kichwani, ambacho mumewe alikitaka kwa sababu kilikuwa fasheni. Mahfudha alisimama ndani ya buibui lake akilia bila sauti.

Aliyekuja kuvichukua ni Zubeir. Hakuuliza neno. Alikunjua turubai lake akafunika vyombo vyote, akakaza kamba. Kioo kilipobaki nje kikimulika mtaa mzima, alitoa kikoi chake cha akiba akakifunika nacho. Kisha akafanya jambo ambalo Mahfudha hakulielewa: akachukua mafuta ya nazi kwenye kichupa, akayamimina yote kwenye ekseli ya gurudumu la kushoto. Badala ya kupita njia fupi ya sokoni, akazunguka nyuma ya makaburi, mwendo mrefu wenye mchanga mzito, jasho likimtoka. Gurudumu halikulia hata mara moja.

Walipokaribia nyumbani Mahfudha alimuuliza kwa nini amejitesa vile. Zubeir hakugeuka.

"Njia ya sokoni ina macho mengi, bibi," alisema.

Basi. Maneno hayo tu. Mwanamke anaweza kuambiwa nakupenda mara elfu na asiyakumbuke, lakini haya Mahfudha alilala nayo na kuamka nayo hadi eda ikaisha.

Baadaye yakaja magazeti. Mahfudha alikuwa akimshonea mapazia Mtaliana mmoja kule upande wa mivinje, walikoanza kujenga Wataliana, na yule mama kila akimaliza magazeti yake ya rangi alimpa. Magazeti mazito, yanateleza, ndani yamejaa picha za nyumba: viti, meza, makabati ya kizamani yaliyofufuliwa. Mahfudha hakujua hata neno moja la Kitaliana, lakini kiti ni kiti, hakihitaji mkalimani. Alivitazama viti vyake mwenyewe, vilivyorudi kutoka kwa mume vikiwa na rangi ya kijani iliyobanduka, akasema moyoni kwamba hata hivi vinaweza kufufuka. Akakata picha, akajitanda buibui, akaenda karakana ya Zubeir kuuliza rangi ya mafuta hutolewa vipi.

Zubeir alimweleza kwa adabu, macho yake kwenye mbao. Kigae cha chupa kwanza, kisha msasa wa dukani, kisha msasa wenyewe. Mahfudha hakujua kuna msasa wenyewe. Kesho yake ukafika nyumbani mzigo mdogo uliofungwa kwa gazeti: majani makavu ya mti wa msasa, yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, yaliyochumwa kijijini kwao Zubeir, Jilore. Wanawake wenzake walitumiwa asumini na vikuba vya kunukia. Yeye akatumiwa majani ya kukwaruza viti, akayaweka chini ya mto.

Ikawa ndiyo barua yao. Mahfudha hupeleka picha, na Zubeir hurudisha majani, au kipande cha nta ya nyuki, au mbao ndogo aliyoipaka sandarusi aone rangi yake. Viti vya kijani vikawa vya rangi ya asali. Bi Shekha aliviona, akavikalia, hakusema vibaya. Alisema tu kwamba mtu hawezi kuozesha binti kwa mwanamume ambaye mkokoteni wake ukisimama mlangoni watu huuliza ni nani kafa. Ni nuksi, alisema. Mtu huyo anaijua ndani ya kila nyumba iliyovunjika mjini humu.

Kwa hiyo kitanda kilipokwenda karakana, Mahfudha alikesha akitafuta picha nzuri kuliko zote. Akaipata: kitanda cha miti minne, kizee, kimekwanguliwa chote mpaka mti wenyewe ukaonekana, mweupe wa dhahabu, jua la dirishani likikipiga. Akampelekea.

"Wataka kiwe hivi?" Zubeir aliuliza.

"Nataka kiwe hivihivi. Mama akione akumbuke alipokuwa bibi harusi."

Zubeir alikipindua kitanda ubavu, akamwonyesha upande wa chini. Mifumbati yote miwili, zile mbao ndefu za ubavuni, kwa ndani ilikuwa myeusi tii, tabaka juu ya tabaka. Akasema labda kiliwahi kuwekwa karibu na jiko. Mahfudha aliitazama picha, akautazama ule weusi, akaona haya kwa niaba ya bibi yake.

"Basi ukwangue wote," alisema. "Usibakishe."

Zubeir akaitikia kwa kichwa. Halafu kwa mara ya kwanza akainua macho akamtazama sawasawa, na akachelewa kuyashusha.

"Namtengenezea nani kitanda hiki, Bi Mahfudha?"

"Ni cha bibi yangu."

"Hilo najua. Nauliza atakilalia nani."

Mahfudha alishusha ushungi akaondoka bila kuaga. Alipofika nyumbani alijifungia chumbani akacheka ndani ya mto mpaka machozi yakamtoka.

Sasa gurudumu limesimama mlangoni. Mahfudha aliacha mchele na kuku wake, akakimbilia nyuma ya pazia la chumba cha ndani, mahali ambapo mwanamke wa heshima hukaa wageni wa kiume wanapoingia, na ambapo, akijua kusimama, huona kila kitu.

"Hodi. Shikamoo, Bi Shekha."

"Marahaba, fundi. Karibu."

Fundi. Hakumwita kwa jina. Zubeir aliingiza vipande kimoja kimoja, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, lakini kope zake bado zilikuwa na vumbi la mbao. Akasimamisha matendegu manne, akaingiza mifumbati kwenye matundu yake bila msumari hata mmoja, akagonga kwa nyundo ya mti. Kisha akawamba kamba mpya, akazikaza hadi zikawa zinalia ukizigusa. Alipoinama kukaza upande wa miguuni, akaliona jicho kwenye mwanya wa pazia. Nyundo ikasimama hewani. Walitazamana kwa kitambo kisichofika pumzi mbili, na Mahfudha akajihisi damu yote imehamia masikioni.

Na kitanda, masikini, kilikuwa kizuri. Mti ule wa zamani, msaji, ulikuwa umetoka kama siku ulipochongwa, unang'aa kwa ndani, si kwa juu. Bi Shekha alikizunguka. Akashika tendegu moja baada ya jingine, akauliza ni lipi jipya, maana yeye halioni. Zubeir akamwonyesha. Bi Shekha akalipapasa tena, akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyeshindwa, na nyuma ya pazia Mahfudha akauma kidole ili asicheke kwa furaha. Keshashinda, alisema moyoni. Mkono wake umeonekana.

Ndipo yeye mwenyewe akavuta pumzi.

Chumba kilinukia nta. Kilinukia sandarusi. Hakikunukia Bi Nana.

Alipokuwa mdogo alikuwa akilazwa kwenye kitanda kile mchana, naye hulala uso wake umegusa mfumbati, na ile harufu nzito, tamu, ya mbali, ndiyo iliyomtia usingizi. Alidhani ni harufu ya bibi. Leo bibi hakuwamo.

Bi Shekha naye alikuwa ameinama. Alilaza shavu lake juu ya mfumbati, akakaa vile. Kisha, mama wa watu mwenye magoti mabovu, akashuka mpaka sakafuni, akaingiza kichwa chini ya kitanda. Aliinuka taratibu akiushikilia ukingo.

"Kiko wapi cheusi cha huku chini?"

"Nimekikwangua, Bi Shekha," Zubeir alisema. "Kilikuwa moshi."

"Moshi wa nini?"

Zubeir alisema alidhani ni wa jiko.

"Ni wa udi," Bi Shekha alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, jambo lililokuwa baya zaidi. "Nyumba hii haifukizi kitanda ila kwa bibi harusi, au mzazi aliyetoka arubaini. Mama yangu alifukiziwa hapo alipoolewa, akafukiziwa kila alipozaa, na alizaa mara saba. Mimi nilifukiziwa hapo. Huyu binti na kakake walizaliwa hapo. Ule weusi ndio sisi, fundi. Wewe umetuosha."

Nje mtu alipita akiuza mahamri, akaenda zake.

"Kosa ni langu," Zubeir alisema. "Kwetu Jilore hatufukizi vitanda, na sikuuliza. Ilinipasa kuuliza. Sina la kujitetea, mama."

Bi Shekha akajirekebisha kanga, akasema ameshukuru, kazi ni safi, mkono ameuona. Wazee wasisumbuke kurudi. Aliyasema kwa upole ule wa watu wa mji, ambao ni heri utukanwe. Zubeir aliinamisha kichwa, akaanza kukusanya nyundo na kamba zake.

Mahfudha hakujua miguu yake ilivyomtoa nyuma ya pazia. Alijikuta tu amesimama katikati ya chumba, na kanga zake za jikoni, mbele ya mwanamume asiye mahramu wake, mkononi ana ukurasa wa gazeti la Kitaliana.

"Mama, si yeye. Ni mimi niliyemwambia aukwangue."

"Mahfudha, nyamaza," Zubeir alisema haraka.

Jina lilimtoka hivyo, tupu, bila Bi, jinsi mtu anavyoita jina alilozoea kuliita peke yake. Bi Shekha alilisikia. Aligeuza macho kwa huyu, akayageuza kwa yule.

"Sinyamazi," Mahfudha alisema. "Alinionyesha ule weusi, akanitazama, nami nikamwambia asibakishe. Picha ni hii. Nilitaka kiwe kizuri, mama. Nilitaka ukione ukubali. Kama ni kukataa, nikatae mimi niliyekosa, usimkatae aliyenibebea lawama."

"Na wewe hukuijua harufu?"

"Niliijua. Nilidhani ni ya bibi mwenyewe. Nilidhani watu wote wakizeeka hunukia vile."

Hapo uso wa Bi Shekha ulicheza kidogo pembeni mwa midomo. Alikaa kwenye mojawapo ya vile viti vya rangi ya asali, akaelekeza macho mlangoni, na Zubeir, ambaye alikuwa na akili ya kuelewa asichoambiwa, akatoka.

Muda si muda akarudi kizingitini, ameshika kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko.

"Hili ni vumbi la kitanda chako, Bi Shekha. Fundi hatupi vumbi la kazi. Huchanganywa na gundi likaziba nyufa, ili kiraka kiwe rangi moja na mti. Nimetumia kidogo sana. Vumbi la kule chini sikulitia gundi kabisa, lilikuwa likinukia vizuri, nikaona haya kulichezea. Nililiweka tu. Ni lenu."

Akaliweka chini, akaomba radhi, akaenda. Gurudumu likaanza kulia kichochoroni.

Bi Shekha alilifungua kopo kwenye mapaja yake. Ndani mlikuwa na vumbi jeusi, laini, kama kahawa iliyotwangwa mno. Akaliinamia. Mabega yake yakatulia, kisha yakaanza kutikisika, na Mahfudha akapiga magoti mbele yake akamshika miguu.

"Mama yangu huyu," Bi Shekha alisema. "Mama yangu mzima yumo humu."

Walilia wote wawili, kila mmoja na lake. Walipotulia, Bi Shekha akajifuta kwa ncha ya kanga na kusema jambo ambalo hakuwahi kulisema. Alisema kilichomfanya akatae si udi peke yake. Alisema yeye ndiye aliyekubali kile kitanda cha kioo, akamwacha mwanawe aende ugenini bila cha bibi yake, kwa kuwa watu walisema samadari ni ushamba. Na alipomwona anarudi, akaapa hatamwoza tena kwa kubahatisha. Tangu siku ile hulisikia lile gurudumu hata ndotoni.

"Gurudumu lipi, mama?"

"La mkokoteni wake. Lililokuleta."

"Siku ile ulilisikia?"

Bi Shekha alijaribu kukumbuka. Alikuwa amekaa barazani akichambua mchicha, hana habari, mara akainua macho na kumwona binti yake amesimama mbele yake ndani ya buibui, na nyuma yake mzigo umefunikwa turubai. Hakuwa amesikia kitu. Mtaa mzima haukuwa umesikia kitu. Ndiyo maana hakuna dirisha lililofunguka, na majirani walijua siku nyingi baadaye, alipokwisha kupata nguvu za kuwajibu.

"Hukulisikia," Mahfudha alisema. "Alilimiminia mafuta ya nazi, kichupa kizima, kabla hatujaondoka. Akazunguka nyuma ya makaburi. Alifunika kile kioo kwa kikoi chake, mama. Hakunijua mimi ni nani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungejua nampenda."

Bi Shekha alimtazama binti yake, macho mekundu, kopo mapajani. Mbali kule, gurudumu lilikuwa bado linalia, linakata kona ya msikiti.

"Kumbe," alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti ndogo, "Kumbe anaweza kulinyamazisha."

Akainuka, magoti yakilia.

"Lete chetezo."

Mahfudha hakutembea, aliruka. Makaa yalikuwemo jikoni, chini ya chungu cha wali ambao haukuwa umepikwa kwa sababu mchele ulikuwa tumboni mwa kuku. Alipoleta chetezo, mamake alikuwa amekwisha kufungua sanduku lake na kutoa kipande cha udi alichokiweka akiba tangu ujane wake. Alikivunja kipande kidogo, akakiweka juu ya makaa. Kisha akachovya vidole kwenye kopo, akachukua lile vumbi jeusi, akalinyunyizia juu ya udi huku akisema bismillahi.

Moshi ukapanda. Bi Shekha akashuka tena sakafuni, safari hii akikataa kusaidiwa, akakisukuma chetezo kwa mkono wake mwenyewe mpaka katikati, chini ya kamba mpya. Moshi ukapenya kambani, ukazunguka matendegu, ukajaa chumbani. Mahfudha alifumba macho. Harufu ilikuwa ileile, nzito, tamu, ya mbali.

"Usisimame hapo kama mgeni," mamake alimwambia kutoka chini. "Kaa kitandani. Nani anafukiziwa, mimi?"

Akakaa. Moshi ukamwingia kwenye kanga, kwenye nywele, kwenye mikono yenye makovu madogo ya vigae vya chupa, na machozi yaliyomtoka safari hii hakuyafuta. Alimsikia mamake akijikokota kwenda mlangoni. Bi Shekha, mwanamke ambaye tangu afiwe na mumewe hakuwahi kupaza sauti yake hadi ikavuka kizingiti, alifungua mlango wazi, akasimama juu ya baraza.

"Zubeir!" aliita. "Zubeir mwanangu, rudi!"

Gurudumu likanyamaza. Mahfudha akazibana kamba kwa vidole vyake. Kisha likaanza kulia upya, kwa kasi, kwa fujo, linalia na kuruka juu ya mawe, na sauti haikuwa ikienda. Ilikuwa ikija.

Dirisha la jirani wa juu likafunguka. Kichwa kikatokeza.

"Kuna nini, Bi Shekha? Nani kafa?"

"Hajafa mtu, shoga," Bi Shekha alijibu, na alisema kwa nguvu ili wa pili na wa tatu nao wasikie. "Twafukiza kitanda."